Ukubwa Usio wa Mwili: Upana wa Uigizaji katika Kisa cha Fumo Liyongo na katika Tamthilia ya Televisheni

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho, uhodari wa mwigizaji umezoeleka kupimwa kwa idadi ya sura anazoweza kuzivaa. Yule achezaye mfalme leo na mlevi kesho husifiwa kuwa ana upana. Yule arudiaye sura moja miaka nenda miaka rudi huambiwa kuwa amekwama. Kipimo hiki kilizaliwa jukwaani, ambako kundi dogo la waigizaji hulazimika kucheza michezo mingi kwa zamu, na hadhira ileile humwona mtu yuleyule katika mavazi mbalimbali. Televisheni imekitia kipimo hiki mashakani. Katika tamthilia ndefu ya televisheni mwigizaji hukabidhiwa mhusika mmoja, akaishi naye kwa miaka. Na ikiwa tamthilia hiyo ni ya kifantasia, yaani yenye majitu, mazimwi na miujiza, sehemu kubwa ya ajabu yake hubebwa na mavazi, mitambo na kompyuta, hata mtu akauliza ni kazi gani iliyobakia kwa mwigizaji mwenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani katika kisa cha Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya, na kwamba jibu lenyewe haliwapendelei sana wale ambao kwa kawaida hupewa nafasi ya shujaa.

Mahali pa kuanzia ni bara ya Lamu. Kililana ni kijiji cha wakulima na wavuvi kilichoko upande wa bara, mkabala na visiwa, penye mashamba, vichaka na mikoko ya Ghuba ya Manda. Kisa cha Liyongo kina pande mbili za namna hiyo: upande wa mji wa mawe, penye mtawala, askari, gereza na ngoma za heshima, na upande wa bara, penye msitu, mishale, wawindaji na matunda ya kuparamiwa. Shujaa huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kila avukapo hubadilika tabia. Mjini ni malenga na mwana wa watu wakubwa. Msituni ni mwindaji anayelala macho. Msomaji wa visiwani au wa Kililana huyaelewa mageuzi haya bila kuelezwa, kwa sababu njia ya maji kati ya Lamu na Mokowe huyadai kwa kiasi fulani kwa kila mtu aipitaye.

Historia ya kisa katika maandishi inajulikana vya kutosha. Edward Steere alikichapa kwa nathari katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili wa mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikiandika kwa mashairi ya utendi kwa hati za Kiarabu, kwa ajili ya mtaalamu Mwingereza Alice Werner, ambaye baadaye, mwaka 1926, alichapisha uchunguzi wake juu ya hekaya hiyo. Kuhusu zama alizoishi Liyongo wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa, na mjadala huo hauhusiani na hoja iliyopo. Linalohusika ni kwamba Kijumwa hakuwa mwandishi wa kalamu tu. Alikuwa mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri, mpiga ala, mwimbaji na mtu wa ngoma. Mtu wa aina hiyo alipoutunga utendi, aliutunga akijua kwamba sauti moja itasimama mbele ya watu na kuwa sultani, mama, mjakazi, askari, mtoto msaliti na jitu, mmoja baada ya mwingine, pasipo kubadili kanzu.

Kwa kulinganisha, itazamwe tamthilia ya kifantasia iliyopata watazamaji wengi kuliko nyingi za wakati wake, Game of Thrones, iliyoonyeshwa na HBO ya Marekani kwa misimu minane na vipindi 73 kati ya mwaka 2011 na 2019. Ndani yake mna jitu, Gregor Clegane, mtu wa kutisha kwa kimo na nguvu. Nafasi hiyo ilichezwa na watu watatu: Conan Stevens katika msimu wa kwanza, Ian Whyte katika wa pili, na Hafþór Júlíus Björnsson tangu msimu wa nne. Tamthilia iliendelea bila kutetereka. Kilichotakiwa kilikuwa ni mwili, na mwili mkubwa unaweza kurithiwa na mwili mwingine mkubwa. Katika tamthilia hiyohiyo Peter Dinklage alimchezea Tyrion Lannister, mtu mfupi kuliko wote waliomzunguka, na akapata tuzo ya Emmy mara nne kwa nafasi hiyo moja. Hakuna awezaye kufikiri kwamba Tyrion angeweza kubadilishiwa mtu msimu wa tatu. Vivyo hivyo kwa Alfie Allen aliyemchezea Theon Greyjoy: kijana mwenye majivuno, kisha msaliti, kisha mateka aliyevunjwa hata akasahau jina lake, kisha mtu anayejaribu kuliokota tena jina hilo. Allen hakuvaa sura nyingi. Alivaa moja, nayo ikageuka mikononi mwake. Kwa mizani ya jukwaa Allen ni mwigizaji wa mhusika mmoja. Kwa mizani inayopendekezwa hapa upana wake unazidi wa wengi waliotokea katika tamthilia kumi.

Fundisho hilo likirejeshwa kwa Liyongo, linapingana moja kwa moja na mazoea. Ni rahisi kudhani kwamba atakayemwigiza Liyongo sharti awe pandikizi la mtu. Utendi wenyewe unaonekana kuunga mkono dhana hiyo. Wagala wanapofika Pate na kutaka kumwona, yeye huingia na mkoba ambamo hutoka vinu, michi, mawe ya kusagia na vyungu, akapuliza pembe hata watu wakatishika. Ni tukio la kuvutia, na mtayarishaji yeyote wa televisheni angelitamani. Lakini ni tukio la vyombo. Mkoba na pembe ndivyo viigizavyo; mtu aliyevibeba anatakiwa kusimama tu. Kwa maneno mengine, hapo Liyongo ni Clegane.

Tangu hapo kisa kinaanza kumpokonya shujaa ukubwa huo kidogo kidogo. Katika kikoa cha makoma msituni, wawindaji waliotumwa kumwua wanapanga kwamba kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, ili zamu ya Liyongo itakapofika wamlenge akiwa juu, mikono imeshika mti. Liyongo hapandi. Huyaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Hapa hakuna nguvu, kuna utambuzi: mtu ameketi na wenzake, anakula nao, anacheka nao, na huku anajua. Mwigizaji wa nafasi hii anapaswa kuionyesha hadhira kwamba anajua, na kuwaficha wenziwe wa msituni kwamba anajua, kwa uso uleule na wakati uleule. Gerezani hali inakuwa nzito zaidi. Anayeweza kuvunja minyororo hawezi kuivunja. Analoweza ni kutunga wimbo, ambao Saada, mjakazi wa mama yake, ataupeleka nyumbani. Ndani ya wimbo mna agizo: mkate wa wishwa, na tupa ndani yake. Askari waliozoea kupora vyakula vizuri vinavyoletwa watauacha mkate wa wishwa upite, kwa kuudharau. Kisha anaomba, kama haja ya mwisho, achezewe gungu. Na kelele za matari, matoazi na waimbaji zikafunika sauti ya tupa ikila chuma.

Hapa ndipo penye utajiri wa kisa kwa mtu anayefikiri juu ya uigizaji, na inashangaza kwamba wahakiki, walioandika mengi juu ya ushujaa na usaliti, hawakukaa hapa muda mrefu zaidi. Takriban kila mhusika wa sehemu hii ni mwigizaji ndani ya kisa. Mfungwa anaigiza mtu aliyekubali kufa. Mama anaigiza mzazi fukara wa akili anayemletea mwanawe wishwa. Saada anaigiza mjumbe asiyeelewa anachokiimba. Wacheza gungu wanaigiza sherehe, na wanaigiza vizuri kwa sababu hawajui kwamba wanaigiza. Hadhira pekee ya mchezo huo wote ni askari, na uhai wa mtu unategemea kama askari watausadiki. Ni mchezo ndani ya mchezo, uliotungwa na watu ambao hawakuhitaji kuufahamu mchezo wa Hamlet ili kuujua mbinu hii.

Kati ya hao, Saada ndiye ambaye tamthilia ya kawaida ingemdhulumu. Ni mtumwa, hana nasaba, na mistari yake ni michache. Angekabidhiwa binti yeyote aliyekuwapo siku ya kupiga picha. Hata hivyo kisa chote kinapita katika kinywa chake. Akikosea neno moja la wimbo, au akiimba kwa namna inayoonyesha kwamba neno lina uzito, Liyongo amekufa. Nafasi hiyo inadai mwigizaji awezaye kusema jambo kubwa kwa sauti isiyo na kitu. Wengi wa waigizaji wenye majina hawaliwezi hilo, kwa sababu jina lao limejengwa juu ya kuzikoleza sauti zao.

Mama ana upana zaidi ya wote. Katika matini ana nafasi tatu zisizofanana: mlishaji anayesubiri mlango wa gereza, mdanganyifu mwenye moyo mkavu aliyeuoka mkate wenye tupa, na hatimaye mzazi anayeitwa na watu waliomwua mwanawe ili awaondolee hofu. Liyongo, baada ya kuchomwa sindano ya shaba kitovuni, alichukua upinde wake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akauvuta uta na kufa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Wakamtuma mama aende akambembeleze. Basi mama huyu anaimba na kusihi mbele ya mwili, naye hajui, au hataki kujua, kwamba anasema na maiti. Lini anatambua? Utendi hauna haja ya kuonyesha dakika yenyewe, kwa kuwa sauti ya msimulizi huipita. Kamera haiwezi kuipita. Katika televisheni dakika hiyo itakuwa juu ya uso wa mtu, na uso huo ndio utakaoamua kama kilichotazamwa kilikuwa hekaya ya kuburudisha watoto au msiba.

Mtoto naye asipuuzwe. Ametumwa na mtawala kwa ahadi ya cheo na binti, na anamwuliza baba yake siri ya kifo chake. Baba anaelewa kwa nini anaulizwa, na anajibu. Mazungumzo hayo ni baina ya watu wawili wanaoigiziana mapenzi huku mapenzi yenyewe yamo kweli. Theon wa Alfie Allen angeielewa nafasi hii: msaliti ambaye usaliti wake haukumwondolea uana.

Swali linalofuata ni la kihistoria. Je, waigizaji wa Kiswahili wa televisheni ya Kenya wamelelewa katika utamaduni upi wa uigizaji, na utamaduni huo umewaandaa kwa kazi ya namna hii?

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na michezo ya Kiswahili iliyodumu kuliko mingine katika shirika la utangazaji la taifa ilikuwa ya kuchekesha, hasa Vioja Mahakamani na Vitimbi. Michezo hii ilisimama juu ya mhusika wa kudumu: mtu mwenye jina moja, vazi moja na lafudhi moja, anayerudi kila juma. Ni kawaida kwa wasomi kuudharau uigizaji huu. Dharau hiyo haina msingi. Benson Wanjau, aliyefariki tarehe 12 Julai 2015, aliigiza kwa miongo kadhaa kwa jina la Mzee Ojwang, mzee wa Kijaluo mwenye Kiswahili chenye lafudhi ya kwao. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Watazamaji wengi waliishi na Ojwang miaka mingi pasipo kulijua hilo, na katika nchi ambayo kabila la mtu hutafutwa kwanza katika jina lake na pili katika ulimi wake, huo ulikuwa upana wa uigizaji wa kiwango cha juu. Ila ulikuwa upana uliofichwa chini ya nafasi: umbali ulikuwa baina ya mtu na mhusika, nao ulivukwa mara moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo Ojwang hakugeuka.

Mary Khavere, Mama Kayai, mkewe katika Vitimbi, alifanya kazi ya aina nyingine. Mhusika wake ni wa kudumu vilevile, lakini ndani ya kipindi kimoja anaweza kukaripia, kubembeleza, kudanganya na kuumia, na mtazamaji akayafuata mapito hayo bila kuona mshono. Kipaji cha Wanjau ni cha kujibadilisha. Cha Khavere ni cha kubadilika. Tamthilia ya kifantasia humtukuza mwenye kipaji cha kwanza, kwa kuwa vazi na sauti ngeni huonekana kwa urahisi. Kisa cha Liyongo kingemtaka mwenye kipaji cha pili, na kwa hoja hii mchekeshaji aliyekomazwa na Vitimbi yuko karibu na mama yake Liyongo kuliko mwigizaji wa misiba aliyejifunza kulia mbele ya kamera.

Wimbi la karibuni la tamthilia za Kiswahili zenye mandhari na maisha ya pwani limefungua mlango mwingine. Katika Sultana, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2022, Mwanaasha Johari alipewa nafasi ya msichana kipofu, nafasi inayomnyang'anya mwigizaji chombo chake kikuu, macho, na kumlazimisha kusikiliza kwa mwili mzima. Ni mafunzo mazuri kwa Saada wa baadaye. Lakini Kiswahili cha tamthilia hizi, hata kinapoitwa cha pwani, hakielekei Lamu. Kiamu, lahaja ambayo kwayo Kijumwa alitunga, hakijapata nafasi yake, na sababu si vigumu kuikisia. Mhusika akimwambia mwenziwe "ndoo" kwa maana ya "njoo", masikio ya Nairobi yatasikia chombo cha kutekea maji. Na mkurugenzi atakata picha. Lafudhi ya Kijaluo ya Wanjau ilikubaliwa kwa sababu ilichekesha. Kiamu kingehitaji kukubaliwa katika kinywa cha mtu anayekufa. Huo ni mtihani mwingine kabisa, na ni mtihani wa hadhira kama ulivyo wa mwigizaji.

Waandishi wa tamthiliya ya jukwaani wameyaonja matatizo haya mapema. Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kitabu cha mwaka 1976, aliuachia mzigo wote msimulizi mmoja, akaurudisha uigizaji mahali ambapo Kijumwa aliuacha. Emmanuel Mbogo, katika Fumo Liongo ya mwaka 2009, alikwenda njia ya pili, ya kuwagawa wahusika kwa watu mbalimbali. Njia zote mbili ni halali, lakini hazilipi gharama sawa. Sauti moja inapokuwa mama na mtawala pamoja, hadhira haisahau kwamba wote wawili wamo katika utu mmoja, na uovu haubaki mali ya upande mmoja. Nafasi zikigawanywa, kila uso unabaki na sehemu yake, na televisheni, inayopenda kumtambulisha mwovu kwa vazi na muziki tangu dakika ya kwanza, huukaza mgawanyo huo mpaka ukawa kama ukuta.

Wanaoumia zaidi na ukuta huo ni watu wa msituni. Katika kisa, Waboni na wenzao wawindaji hutajwa kama kundi: wanahongwa, wanapanga, wanashindwa. Hakuna mmoja wao mwenye jina la kukumbukwa. Msimulizi mzuri huweza kuwapa uhai kwa kubadili sauti tu. Kamera, ikiwakuta hawana majina, itawapa ngozi za wanyama na ukimya. Waboni, wanaojiita Aweer, si watu wa hekaya. Wanaishi hadi leo katika bara ya Lamu, na lugha yao imo hatarini. Swali la nani atacheza nafasi zao, na kama atakayecheza atapewa walau mstari mmoja wa kuonyesha kwa nini mtu mwenye njaa anakubali kumwua mgeni aliyekula naye makoma, ni swali la upana wa uigizaji lililo zito kuliko kimo cha shujaa.

Mazingira yenyewe nayo hayakungoja. Tarehe 2 Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua mradi wa bandari mpya ya Lamu katika eneo la Kililana, na gati la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mtayarishaji atakayekuja kutafuta pwani ya Liyongo atalazimika kuigeuza kamera yake isiyaone makontena, au kuujenga msitu kwa kompyuta, kama wafanyavyo wenziwe wa ng'ambo. Kompyuta itaweza kumpa msitu. Itaweza pia kumpa jitu la dhiraa kumi lililopiga goti kisimani, uta umevutwa. Isichoweza kumpa ni mwigizaji wa kukaa katika goti hilo, macho wazi, bila neno, bila pumzi inayoonekana, huku watu wakipita mbali wakiwa na mitungi mitupu, na mwanamke mmoja mzee akimkaribia polepole, akiimba.